Hatua ya Nne ya Fuwele Iliyopindwa

Nilirudi nyumbani kutoka masomoni na sanduku moja, koti zito ambalo mjini Kahama halikuwa na kazi yoyote, na tasnifu ambayo haijaisha. Ilikuwa miaka ya themanini, ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Muda wangu wa kukaa ng'ambo ulikuwa umekwisha, serikali ilitaka walimu, nami nikapangiwa chuo kidogo cha ualimu nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Bulyanhulu. Profesa wangu alinisindikiza hadi kituo cha treni akaniambia jambo moja ambalo nilikuja nalo kichwani njia nzima. Hesabu iliyobaki imfikie kabla ya mwaka kwisha, la sivyo kamati itafunga faili langu, na miaka yangu sita ya kusoma kwenye theluji itakuwa imekwenda na maji.

Watu wa nyumbani waliponiuliza nimesomea nini, nilijibu fizikia, nikanyamaza. Wachache waliosisitiza niliwaeleza, na ninyi nitawaeleza hapa mara moja tu.

Chukua kipande cha fuwele, silikoni safi, chembamba kuliko ukucha. Ndani yake atomi zimepangwa kama matuta ya pamba shambani, tuta na nafasi, tuta na nafasi. Mtambo mkubwa ukirusha chembe yenye chaji na nguvu nyingi, nayo ikaingia sawasawa kwenye ile nafasi, haigongi kitu. Inapita humo humo ikiyumba kushoto na kulia kati ya kuta mbili, na kila ikiyumba inatoa mionzi mikali, mikali kuliko ile ya kupigia picha ya mifupa hospitalini. Sasa ipinde ile fuwele kidogo, taratibu, isivunjike. Matuta yanapinda, chembe inafuata kona, na mionzi yake inabadilika. Swali langu lilikuwa inabadilika kiasi gani, na ni chembe zipi zinazoshindwa kona zikatoka nje ya njia. Wenzangu ng'ambo walikuwa wameshaipinda fuwele yenyewe, wanasubiri kuambiwa wategee wapi kipimo chao. Wa kuwaambia nilikuwa mimi.

Kule tulikuwa na kompyuta yenye ukubwa wa darasa. Hapa nilikuwa na rula ya kukokotolea, majedwali ya logi yaliyotafunwa na mchwa pembeni, na chaki. Jedwali langu lilitaka mistari zaidi ya mia, kila mstari ni chembe moja iliyoingia mahali pake kati ya kuta mbili, na kila mstari una hatua kumi na moja za kukokotoa. Nilijaribu peke yangu. Mstari mmoja ulinila siku nne, huku nafundisha na kusahihisha madaftari. Mtoto wa darasa la pili angeniambia kwamba sitafika.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa, na wanaonijua watakwambia kwamba hiyo si sifa peke yake, ni ugonjwa pia. Nikiamua jambo, nimeamua, na anayekaa mbele yangu atajijua mwenyewe.

Wazo nililipata shambani. Chuo kilikuwa na shamba lake la pamba, kama vyuo vyote siku zile, na mvua za kwanza zilipogusa ardhi wanachuo walitoka na majembe kuinua matuta. Walilima kama tulivyolima kwetu Usukumani, watu wamejipanga bega kwa bega, kila mmoja na tuta lake, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Shamba ambalo mtu mmoja angelilima wiki mbili lilikwisha kabla jua halijawa kali. Nilisimama pale na daftari langu la mahudhurio nikajiambia, kumbe watu ninao, nalalamika nini.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo. Alikuwa mtu wa Tabora, Mwislamu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na nadhani alininyamazia mengi kwa sababu ya upole huo. Aliniuliza kama kazi hiyo itawafanya wawe walimu bora wa hesabu. Nilimwambia kwamba wakimaliza watazijua logi kuliko wanavyowajua mashemeji zao. Akacheka, akanifungulia stoo, akanipa rundo la karatasi za mitihani ya zamani ambazo upande wa nyuma ulikuwa mweupe.

Walijitokeza kumi na wanne, wote watu wazima, wengi watoto wa wakulima na wafugaji wa Shinyanga na Geita. Niliwagawa wawili wawili. Kila jozi ilipewa mstari wake mmoja, kila mtu aukokotoe peke yake kwenye daftari lake, kisha waniletee majibu mawili. Yakifanana, naandika kwenye jedwali kubwa. Yasipofanana, wanarudia wote wawili. Huo ndio ulikuwa ulinzi wangu wote, maana mtu mmoja hukosea, lakini watu wawili hawawezi kukosea sawasawa bila kuambizana. Nilichukua mstari wa katikati kabisa, nikaukokotoa ubaoni hatua kwa hatua kama mfano, wakanakili.

Katika hao kumi na wanne kuna wawili nitakaowaeleza. Mmoja alikuwa karani wa zamani wa chama cha ushirika, kijana mtanashati wa miaka ishirini na mitano hivi, ambaye vidole vyake vilipita kwenye jedwali la logi kama mtu anayechambua mchele. Wa pili tulimwita Mama, kwa sababu alitupita wote umri, mimi nikiwamo. Alitoka Nyarugusu, mume wake mchimbaji wa dhahabu, mwenyewe alikuwa amefundisha watu wazima kusoma na kuandika, madarasa ya ngumbaru, miaka mingi kabla ya kuletwa chuoni kupata cheti. Darasani alisimama mimi nilipoingia. Nje ya darasa mimi ndiye niliyemwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kuona ajabu yoyote. Alikuwa mzito. Hatua ambayo karani aliimaliza kwa dakika tano, Mama aliikalia robo saa, kalamu hewani, anatazama dirishani. Nilimweka na karani ili amvute. Jozi yao niliipa mistari ya pembeni, ile ya chembe zinazopita karibu na ukuta.

Kazi tuliifanya kila alasiri, kutoka saa tisa hadi mwanga unapofifia, maana mafuta ya taa hayakupatikana. Nawaambieni ilikwenda. Jozi zote saba zilileta majibu yanayofanana, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, na jozi ya karani na Mama haikuwahi kutofautiana hata mara moja. Nilivimba kichwa. Nilipofika nusu ya jedwali nilinakili mistari ile kwa mkono wangu mzuri, nikaituma ng'ambo kwa ndege, na barua ya kujigamba juu yake. Niliwaandikia wanaweza kuanza kutega kipimo. Bado wiki kama saba mwaka uishe.

Jumatatu moja Mama alikuja ofisini kwangu, akabaki mlangoni. Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Mwalimu," alisema, "majibu unayoyaandika pale kwenye jedwali, yale ya kwangu, siyo ya kwangu."

Nilimwuliza ni ya nani. Akaeleza taratibu, kama alivyofanya kila kitu. Majibu yake na ya karani hayakuwahi kufanana tangu siku ya kwanza. Karani akiona hivyo, alichukua daftari la Mama kabla ya kuja kwangu, akafuta, akaandika namba zake yeye, akamrudishia. Hakusema kitu, na Mama hakusema kitu. Wiki zote hizo alinyamaza kwa sababu aliona ni wema, na mtu humshtaki vipi aliyemtendea wema? Lakini Jumapili hiyo alikuwa kanisani, na kuna sala pale inayomtaka mtu akiri alichonyamazia, akashindwa kuimaliza.

Aliyezaliwa kwetu hahitaji kuelezwa wema gani. Mnapolima bega kwa bega, jirani yako akichoka akabaki nyuma, unalipiga tuta lake majembe mawili matatu upande wako, unaendelea. Humtazami. Humwambii. Watu wote wanafika mwisho wa shamba pamoja na hakuna aliyeaibika. Mimi mwenyewe nimepigiwa majembe hayo nilipokuwa msichana mwenye homa, na nimewapigia wengine. Niliwakusanya wale watu kwa sababu wanalima hivyo, na haikunipitia akilini kwamba watakokotoa hivyo.

Sikulifikiria hilo wakati ule, lakini. Wakati ule nilipandwa na mori. Niliwaita wote kumi na wanne, jua bado la saa kumi, nikafunga mlango. Niliwauliza nani amemrekebishia mwenzake jibu. Mikono ilipanda, mmoja, mitatu, mwisho ikawa katika kila jozi. Haki ya Mungu nilihisi sakafu inaondoka. Kazi yangu yote ya kukagua ilikuwa ni mtu mmoja anayejikagua mwenyewe kwenye madaftari mawili. Nilirusha kifutio kikagonga ubao. Nilisema maneno ambayo sitayarudia yote. Karani alisimama, kwa heshima kabisa, akasema alikuwa anamsaidia tu Mama asiachwe nyuma. Ndipo nikamgeukia yeye.

"Wewe ni mwizi," nikamwambia mbele ya wenzake. "Umeniibia kazi yangu ya miaka sita."

Alikuwa amefanya kazi kwenye ghala la ushirika, na pale Kahama karani wa ushirika kuitwa mwizi si maneno ya kupita tu. Uso wake uligeuka rangi. Aliketi, akaweka mikono juu ya dawati. Mama naye alikuwa anatazama chini. Niliwafukuza wote.

Asubuhi yake nikakuta daftari la Mama juu ya meza yangu. Alikuwa ameandika upya kwa kalamu ya risasi namba zake zote za mwanzo, zile zilizofutwa, chini ya zile za karani. Nilizisoma kwa hasira, nikitaka nione alikosea wapi ili nijue uharibifu ni mkubwa kiasi gani. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili na ya tatu sawa. Ya nne tofauti. Mstari uliofuata, hatua ya nne tofauti tena. Wote, hatua ya nne. Mtu anayekosea kwa uzito wa kichwa hakosei mahali pamoja kila mara, anakosea huku na huku.

Hatua ya nne ndiyo hatua ya kona. Fuwele ikiwa imenyooka, kuta mbili za njia zina kimo kimoja. Ikipindwa, ukuta mmoja unakuwa kama umeshuka, na chembe inayopita karibu nao inaweza kuuruka ikapotea. Nilimwita Mama nikamwomba anieleze hatua ile, kwa nini hakufuata mfano wa ubaoni. Alisema alijaribu kuufuata ukamshinda, kwa hiyo aliwaza mwenyewe. Alisema wakitoka Nyarugusu kwenda Geita wanapanda lori, wanakaa juu ya magunia, na lori likikata kona mtu anatupwa upande wa nje. Hatupwi ndani. Kwa hiyo aliona ukuta unaopaswa kushushwa ni wa nje, lakini mfano ulishusha wa ndani.

Nikatazama mfano wangu. Nilikuwa nimeweka alama ya kutoa mahali pa kujumlisha. Kwenye mstari wa katikati, ule niliouchagua kwa mfano, tofauti haikuonekana, maana chembe ya katikati haijali kuta. Lakini kwenye mistari ya pembeni, chembe nilizosema zimetoka zilikuwa zimo, na nilizosema zimo zilikuwa zimetoka zamani. Wanachuo kumi na watatu walinakili kosa la mwalimu wao, na wa kumi na nne akarekebishwa ili afanane nao. Nusu ya jedwali lile la uongo ilikuwa imeshapanda ndege.

Sikumwambia Mama kwamba kosa ni langu. Nilimwambia, "Umefikiri vizuri." Aliinama kidogo, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Mwalimu," akatoka.

Nikatembea hadi posta kupeleka simu ya maandishi. Mtu wa dirishani alinipa fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Niliandika kwamba jedwali lina kosa hatua ya nne, wasilitumie, jipya linakuja. Halafu nikafikiria kamati ile, wazee wa miwani, wanasoma kwamba mwanafunzi wao wa miaka sita hajui upande wa nje wa kona. Nikaongeza maneno mawili mwanzoni: wanachuo wamekosea. Nikairudisha fomu dirishani kabla sijaisoma tena.

Basi tukaanza upya. Darasani nilisema kuna marekebisho kwenye hatua ya nne na kwamba Mama atayaeleza. Sikusema yametoka wapi. Mama alieleza lori lake na kona zake, wakacheka, wakaelewa haraka kuliko walivyowahi kunielewa mimi. Kisha nikazivunja jozi zote. Saba nikawaweka darasani, saba kwenye bwalo la chakula, nikawapa mistari kwa karatasi nilizokunja mwenyewe, hakuna anayejua mwenzake ni nani. Nani atamsaidia nani hapo? Wiki ya kwanza majibu yalipishana vibaya mno, nikataka kulia, kisha nikagundua kwamba ndivyo ukweli unavyokuwa ukiachwa peke yake. Tulirudia. Tulirudia tena. Karani alifanya kazi kuliko wote na hakuniinulia macho hata siku moja. Akileta karatasi yake aliiweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri niseme sawa au rudia.

Mvua ilinyesha kwenye bati la bwalo hadi hatusikiani. Shamba la pamba lilitaka palizi, mitihani ya chuo ikakaribia, mkuu akaanza kuniuliza kwa upole lini nitamrudishia wanachuo wake. Nikamwomba wiki moja, halafu nyingine. Mimi mwenyewe nilichukua mistari kumi iliyokuwa migumu kuliko yote, nikaikokotoa mara mbili mbili. Nilikonda hadi sketi ikawa inazunguka kiunoni. Katikati ya Desemba majibu ya darasani na ya bwaloni yalianza kukutana, na siku mistari ya mwisho ilipokutana, wanachuo walipiga madawati kwa viganja. Mkuu wa chuo alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwenye mkutano. Aliichukua bahasha, akaipeleka mwenyewe posta kuu, akanirudishia risiti kana kwamba ni cheti.

Jibu lilikuja mwezi wa tatu. Ndani kulikuwa na mchoro, na mchoro ule nilipouona nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi. Profesa alikuwa amechora mstari wa jedwali letu kwa wino, na juu yake nukta za mionzi waliyoipima kwenye fuwele yenyewe. Nukta zilikaa juu ya mstari. Pembeni, kwa zile chembe za karibu na ukuta, zilikaa kabisa. Halafu nikasoma barua.

Wakati huo wanachuo wale walikuwa wameshamaliza na kutawanyika shuleni kwao. Mama alipangiwa shule ya msingi Nyarugusu, karibu na nyumba yake. Nilipanda lori Ijumaa kwenda Geita, nikalala kwa ndugu, na Jumamosi nikapata lingine hadi Nyarugusu. Sikumwambia mtu ninaenda kufanya nini. Nilijiambia ninampelekea mchoro wake.

Nilimkuta uani. Upande wa pili wa uzio wanawake walikuwa wanaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, ko-ko-ko, na ilibidi tuongee kwa sauti. Nilimwamkia, akanipa kigoda, akamtuma binti yake achemshe chai. Nikamtandikia mchoro magotini. Nikamwonyesha mistari yake ni ipi. Aliigusa nukta moja moja kwa kidole, ya kwanza, ya pili, akaniuliza kama hizi ni za kweli, zimepimwa. Nikamwambia zimepimwa. Akatabasamu kwa meno yote, kitu ambacho sikuwahi kukiona chuoni.

"Basi shahada umepata," akasema.

Nikasema sijapata. Akauliza kwa nini, na nikatoa barua. Haikuwa kwa lugha anayoijua, kwa hiyo nilimtafsiria, sentensi kwa sentensi. Kamati imepokea jedwali. Kamati imeridhika kwamba linaafikiana na vipimo. Nikafika pale nilipopaogopa. Ningeweza kuruka, hakuna ambaye angejua, nyundo zilikuwa zinapiga na karatasi iko mikononi mwangu. Lakini nilikuwa nimetoka Kahama na barua ile kifuani, na nadhani nilijua tangu napanda lori kwamba nitaisoma yote.

"Hata hivyo," nikasoma, "hesabu hii imefanywa na watu wasio na mafunzo, ambao kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe walikosea hatua ya msingi. Kamati haiwezi kuithibitisha kuwa kazi ya kitaalamu. Faili limefungwa."

Chini yake profesa alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi kwamba kama nina maelezo mengine, niyapeleke kabla ya mwezi wa sita.

Mama akaniuliza ni hatua gani hiyo waliyokosea. Nikamwambia ni ya nne. Akarudia polepole, ya nne. Akaniangalia, na mimi nilijua kwamba anajua, na kwamba alijua tangu siku ile ofisini, akaninyamazia. Nilianza kueleza juu ya posta, ile kalamu ya uzi, wazee wa miwani, na katikati ya maelezo nikashindwa, machozi yakanitoka kama mtoto.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kunionyesha picha au umekuja kulia?"

"Nimekuja kulia, Mama."

"Haya, lia. Ukimaliza tuandike."

Aliingia ndani akatoka na daftari la shule na kalamu. Akapangusa meza ya uani kwa kanga yake. Binti akaleta chai. Mama akafungua ukurasa mweupe, akausogeza mbele yangu, akaketi upande wa pili na mikono kifuani, sasa yeye ndiye mwalimu na wala hakujificha.

"Anza na kosa," akasema. "Andika lilikuwa lako."

Nikaandika. Niliandika kwamba alama ya hatua ya nne niliikosea mimi, ubaoni, kwa chaki yangu, na kwamba aliyeigundua ni mwanachuo wa ualimu kutoka Nyarugusu, nikaeleza namna alivyoigundua, lori na yote. Mama alitaka nimsomee kila sentensi kwa Kiswahili kabla ya kuendelea. Sehemu moja nililainisha, akanirudisha. Nilipotia sahihi alivuta daftari, akageuza ukurasa, akalirudisha kwangu likiwa jeupe.

"Na huyu wa ushirika," akasema, "wapo watu Kahama bado wanamwita hivyo ulivyomwita. Anafundisha Bulyanhulu. Mwandikie naye."

Barua ya kwanza niliimaliza kabla chai haijapoa, na ndiyo iliyofungua tena faili langu. Ya pili, ya karani, niliianza mara nne.